Bukoba imemsahau mama wa Moses

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Najua barua hii ni ndefu, lakini jambo lenyewe nimekaa nalo majuma matatu, na kila nikitaka kulifupisha naona nakata penye uhai.

Mlipochapa ule ukurasa wa waandishi wa vitabu vya watoto wa Afrika Mashariki, msomaji mmoja aliuliza mbona jina la Barbara Kimenye, mwandishi wa hadithi za Moses, halimo. Juma lililofuata msomaji mwingine akamjibu kwa mkato: yule si Mwafrika, kazaliwa Uingereza, kaandika Kiingereza, hatuhusu. Mkaichapa barua hiyo na mjadala ukafia hapo. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi hapa Kagera kwa miaka 34 na ninaishi Bukoba mjini. Nilipoisoma ile barua nilikuwa namenya ndizi za mchana. Nililiweka gazeti chini, nikamaliza kumenya, nikanawa mikono, nikalichukua tena nikidhani labda nimesoma vibaya. Sikuwa nimesoma vibaya. Hatuhusu, imeandikwa. Basi naomba nimweleze huyo ndugu kwamba mama huyo alikuja huku akiwa mke wa mtu wa Bukoba.

Nimewauliza wengi hapa mjini, walimu wenzangu kwa wanafunzi wangu wa zamani, na sijapata aliyekuwa analijua hilo. Barbara alizaliwa mwaka 1929 katika mji wa Halifax, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa daktari mweusi mwenye asili ya visiwa vya Karibi, na mama yake alikuwa Myahudi aliyeingia Ukatoliki. Mfikirie binti wa wazazi hao, katika mji ule, miaka ile. Alisoma shule ya wasichana ya huko kwao, akaenda London kusomea uuguzi, na London ndiko alikokutana na kijana Bill Kimenye, mtoto wa chifu wa Bukoba. Wakaoana. Katikati ya miaka ya 1950 wakaja kuishi Bukoba. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza, Buhaya ina machifu wake, kahawa inalipa, na meli za zamani, Rusinga na Usoga, ndizo zilizokuwa zikizunguka ziwa. Nimekulia kando ya ziwa hilo hilo na hakuna mtu aliyewahi kunitajia jina lake.

Ndoa haikudumu. Hayo ni mambo ya watu wawili na mimi sina la kusema juu yake. Ila nataka msomaji mwenzangu atazame kilichofuata. Mtu anayepita tu, ndoa ikivunjika, hukata tiketi akarudi kwao. Barbara hakurudi Halifax. Alikwenda Kampala, ambako alikuwa na marafiki aliowafahamu Uingereza walipokuwa wanafunzi, vijana ambao sasa walikuwa wanajiandaa kushika nchi. Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, akamwita awe katibu katika serikali yake. Aliishi karibu na ikulu ya Kabaka pamoja na wanawe wawili, na watoto hao walicheza na watoto wa Kabaka, akiwamo Ronald Mutebi ambaye leo ndiye Kabaka wa Buganda. Baadaye akaingia kwenye uandishi wa habari katika gazeti la Uganda Nation, na wanaojua historia ya magazeti ya Uganda humhesabu kuwa mwanahabari mwanamke mweusi wa kwanza nchini humo. Mwaka 1965 akahamia Nairobi, akafanya kazi Daily Nation, kisha East African Standard. Wanawe wawili, nchi ya tatu, kazi ya gazeti isiyokuwa na saa za kulala. Na hapo hapo Nairobi ndipo alipoanza kumwandika Moses.

Sasa nieleze mimi nilivyokutana naye, maana bila hilo barua hii ingekuwa ya mtu aliyesoma wasifu tu.

Nilianza kidato cha kwanza mwaka 1977 katika shule ya bweni ya wasichana ambayo sitaitaja. Mnaokumbuka miaka ile mnajua hali ilivyokuwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka huo huo, mpaka wa Kenya ukafungwa, na vitu vidogo vidogo tulivyovizoea vikaanza kukosekana dukani. Kitabu cha hadithi ndiyo kabisa. Sisi tulikuwa tumetoka darasa la saba tukijua Kiswahili na Kihaya. Ghafla jiografia ni Kiingereza, biolojia ni Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni ni Kiingereza. Nilikuwa nakaa dawati la tatu, nimefumba mdomo, naogopa kuitwa.

Likizo ya Juni kulikuwa na msiba nyumbani. Shangazi yangu ameolewa Masaka, na mwanawe aliyekuwa anasoma Kampala alikuja na mama yake kuzika. Alipoondoka aliniachia kitabu. Kilikuwa chembamba, kurasa zimeanza kuwa za njano pembeni, jalada limechakaa mpaka sura ya mvulana aliyechorwa hapo haionekani vizuri. Kinaitwa Moses. Nilikikava kwa karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji, nikaipunguza pembe kwa wembe, nikaigandisha kwa uji wa muhogo kwa sababu gundi hatukuwa nayo. Nilirudi nacho shuleni ndani ya sanduku, katikati ya shuka.

Ukurasa wa kwanza ulinichukua usiku mzima wa prepo. Wa pili nusu yake. Kufika ukurasa wa kumi nilikuwa sihesabu tena, kwa sababu nilikuwa nacheka. Nilicheka peke yangu kwenye dawati, kwa Kiingereza, lugha iliyokuwa imenitia hofu tangu Januari. Wenzangu wakataka kujua ninachocheka. Tukaanza kupokezana. Kila aliyekimaliza aliandika jina lake kwa penseli ndani ya kava, na yalifika majina kumi na tisa. Nayakumbuka karibu yote, na wachache kati ya wenye majina hayo tumekwisha kuwazika.

Kwa ambao hawajamsoma: Moses ni mvulana aliyeshindikana katika shule za kawaida, akapelekwa kwenye shule ya bweni ya wavulana watundu. Shule hiyo ina jina refu la kifahari, ni taasisi ya elimu ya Mukibi kwa watoto wa kiume wa mabwana wa Kiafrika. Jina ni kubwa kuliko majengo. Waliomo ni wale ambao shule nyingine hazikuwataka. Wapo kina King Kong, lile jitu la mvulana, na mwingine anayeitwa Itchy Fingers ambaye mikono yake haijui mipaka ya kilicho chake na kisicho chake. Wanapanga mipango, mipango inawaharibikia, wanaponea chupuchupu, kesho wanapanga mingine. Walimu wao ni watu, wana hasira na wana usahaulifu, wengine wana uoga kuliko wanafunzi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mwalimu ndani ya kitabu akikosea.

Nilikuwa nimebakiza kama kurasa ishirini kwa mara ya pili (mara ya kwanza nilikisoma kwa kurukaruka, nikaona aibu, nikarudia polepole ili nielewe kila neno) siku mwalimu mmoja alipokikuta chini ya godoro. Alikipekua amesimama. Akasoma kidogo, akageuza, akasoma tena. Kisha akasema maneno ambayo yamekaa nami mpaka leo: "Hiki hakina mafunzo." Akakifungia kwenye kabati la vitabu ofisini. Kabati lilikuwa na milango ya vioo, na kila nilipotumwa kuchukua chaki nilikuwa nakiona, kile kitabu changu chenye kava ya kaki, kimelazwa juu ya rundo la vitabu vya kiada ambavyo navyo hatukupewa kwa sababu ni vichache na tungevichafua. Oktoba 1978 vita vikaingia Kagera. Majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa, tukatawanywa nyumbani. Tuliporudi mwalimu yule alikuwa amehamishwa na ufunguo haujulikani uliko. Nilimaliza kidato cha nne 1980 na kabati lile halijafunguliwa.

Simsemi vibaya mwalimu yule. Baadaye nami nilishika chaki nikafanya vile vile. Naliandika hili nikiwa na uzito moyoni, maana ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Kwa miaka mingi, kila nilipomaliza kuwasomea watoto hadithi, niligeukia ubaoni nikaandika: Tumejifunza nini? Nao wakanyoosha mikono. Tumejifunza kuwatii wazazi. Tumejifunza kwamba uvivu ni mbaya. Tumejifunza kunawa mikono. Hadithi ikawa dawa chungu iliyopakwa sukari, na watoto si wajinga, walijifunza kulamba sukari na kutema dawa, na mwisho wakachoka na sukari yenyewe. Tukaanza kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma.

Bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma, na hakuna mtu aliyenipa hadithi nyingi kama yeye. Kwetu Uhayani msimuliaji anapoanza, wasikilizaji humwitikia kwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema: ona, nasi tupate kuona. Basi. Hawasemi tufundishe. Bibi alitusimulia Sungura akimdanganya Fisi, hata akiwala watoto wake, akatoroka, na hadithi ikaishia hapo huku Sungura yuko porini anacheka. Tulikwenda kulala. Hakutuuliza tumejifunza nini kutoka kwa Sungura, na hakuna mmoja wetu aliyekua akawa mwizi kwa sababu ya Sungura. Nilichojifunza, kama ni lazima nikiseme, ni kusikiliza, na kukumbuka nani alisema nini, na kutamani jioni ya pili ifike. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyonifikisha chuo cha ualimu.

Barbara Kimenye aliijua siri hiyo. Sijui aliitoa wapi, labda kwa wanawe, labda katika utoto wake mwenyewe, lakini kitabuni iko wazi. Moses hageuki kuwa mtoto mwema kwenye ukurasa wa mwisho. Anabaki Moses, na kwa hiyo kulikuwa na kitabu kingine cha Moses, na kingine, Moses na mzimu, Moses na watekaji nyara, Moses kambini, mpaka miaka ya 1990. Mwandishi hakuchukua kiboko akamfuata kijana wake mpaka mwisho wa hadithi. Alimwacha akosee na akambakizia heshima yake. Kwa ujumla aliandika vitabu zaidi ya 50, na nakala zake zilizouzwa zilipita milioni moja, Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko Afrika kunakosomwa Kiingereza. Nakala milioni za kitabu cha mtoto, barani ambako tunaambiwa watoto hawasomi!

Agosti 2012 nilikuwa Dar es Salaam kwa binti yangu aliyejifungua. Usiku mmoja mtoto amelala, binti yangu akanipa simu yake akasema, mama, si ulikuwa unatusimulia habari za Moses? Mwandishi wake amefariki. Ilikuwa tanzia, kwa Kiingereza. Nikaanza kusoma nikiwa nimekaa kitandani miwani sina, naikaza macho ile simu. Halifax. London. Uuguzi. Halafu nikafika penye neno Bukoba. Nilirudia mstari ule mara tatu. Mwanamke aliyenifungua mdomo mwaka 1977 alikuwa ametembea kwenye barabara zilezile ninazotembea, ameona mawimbi yale yale, labda na senene walipoanguka naye aliwaona, na mimi nimefundisha katika mkoa huo maisha yangu yote nikiwa sijui. Binti yangu akadhani nalia kwa ajili ya kifo. Sehemu ilikuwa hiyo.

Maisha yake ya baadaye nitayapitia haraka. Miaka ya 1970 alihamia London akafanya kazi katika halmashauri ya Brent, akishughulikia masuala ya uhusiano wa watu wa rangi mbalimbali, na huku akiwa pamoja na Waganda waliokuwa wakitaka utawala wa Amin uondoke. Mwaka 1986 Uganda ilipobadilika akarudi Kampala, akakaa miaka mitatu, kisha Kenya karibu miaka kumi. Alistaafu mwaka 1998 akaenda kuishi Camden, London, na ndiko mauti yalikomkuta. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, miaka aliyokula huku kwetu, halafu useme alikuwa mpita njia.

Mwaka uliofuata nilipanda basi la Kampala kupitia Mutukula, nikaenda kwa wauza vitabu vya mtumba wa kando ya barabara, nikaulizia Moses. Nilipata viwili. Nilisoma zile kurasa ishirini nilizodaiwa tangu kidato cha kwanza nikiwa ndani ya basi la kurudi, kabla hatujafika Masaka. Nikapata pia Kalasanda, kitabu chake cha hadithi za watu wazima kilichotoka mwaka 1965 kuhusu kijiji kimoja cha Buganda. Ndani yake yumo mzee Pius Ndawula anayeshinda bahati nasibu ya mpira, na ndugu wanamiminika nyumbani kwake kutoka kila upande, hata wale asiowajua. Nilimsomea mume wangu hadithi hiyo jioni tukiwa tunakunywa chai. Akawa anataja majina ya ndugu zetu mmoja mmoja kadiri wageni wa Pius walivyokuwa wanaingia. Migomba ile, kuulizana habari kule kwa kirefu, heshima ile inayoficha ukaidi, sisi tunaijua. Hadithi yake nyingine, ya mti mtakatifu wa kijiji, mtengenezaji filamu wa Kenya Wanjiru Kinyanjui aliitengenezea filamu iliyotoka mwaka 1995. Anayesema mama huyu hakutujua hajaisoma Kalasanda.

Tangu nistaafu, Jumamosi alasiri, watoto wakishafua sare zao, wanakuja kibarazani kwangu. Huwa ni kumi, au kumi na mmoja, siku za mvua watano. Natandika mkeka. Kitabu ninacho mkononi kwa Kiingereza, mdomoni natoa Kiswahili. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu utani wa Kiingereza ukiuhamisha ulivyo unafia njiani. Siku tulipofika kwa Itchy Fingers niliwauliza tumwiteje. Mmoja akasema Mdokozi. Wengine wakakataa, mdokozi ni wa nyama ya chunguni, huyu ni zaidi. Mwingine akasema Mkono Mrefu. Msichana wa darasa la nne, ambaye mama yake anauza dagaa sokoni, akasema: "Vidole Havitulii." Wote wakacheka na jina likapita. Sasa ndilo jina lake hapa mtaani, na kuna mvulana mmoja amebandikwa jina hilo na hana raha, nimewakataza.

Kati yao yuko mvulana wa darasa la tano mwenye kigugumizi. Miezi miwili ya kwanza hakusema neno. Anakaa mwisho wa mkeka, miguu imekunjwa, anasikiliza. Jumamosi tuliyomaliza kitabu cha kwanza, wenzake walipokwisha kuondoka, alibaki akinisaidia kukunja mkeka. Akaniuliza, na lilimchukua muda: "Bibi, Moses mwishoni alifaulu?"

Nikamwambia kitabu hakisemi habari za mtihani.

Akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo bado yupo?"

Nikamwambia yupo, na kuna kitabu cha pili. Uso wake nitaukumbuka. Sijui ni mara ngapi mtoto huyu amekwisha kuulizwa kama amefaulu au amefeli, lakini nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia kwamba mtu anaweza kuwa kwenye kitabu bila kuulizwa hilo. Sasa anakuja wa kwanza. Anasoma mwenyewe, kwa sauti ndogo, na akisoma kigugumizi hupungua.

Narudi kwa hoja ya lugha, kwa sababu hapo msomaji mwenzangu ana haki kiasi. Ndiyo, Mama Kimenye aliandika Kiingereza. Mtoto wa kijijini Karagwe au Ngara hatamsoma mpaka afike sekondari, na akifika atahangaika kama nilivyohangaika. Ningependa sana watoto wetu wapate wenzake Moses katika Kiswahili, wazaliwe humo humo, wasihitaji bibi wa kuwatafsiria. Na si kwamba hapa kwetu hakuna kilichofanyika. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ulileta vitabu vya hadithi vya Kiswahili mpaka shule za pembezoni, na mimi ni shahidi, nilivipokea kwenye maboksi, nikaona watoto wakivigombania. Waandishi wetu wengi wamefanya kazi nzuri kwa malipo kidogo mno. Nawaheshimu.

Lakini naomba niwaambie kama mtu aliyesoma vitabu hivyo kwa sauti mbele ya watoto kwa miongo mitatu. Mnaanza vizuri. Mtoto anatoroka nyumbani, anapanda mtumbwi, anaingia msituni, darasa zima limeshika pumzi. Kisha kwenye ukurasa wa mwisho anakutana na mzee mwenye busara, anaomba radhi, na imeandikwa "tangu siku hiyo akawa mtoto mtiifu." Nikifika hapo nilikuwa nawaona watoto wakilegea mabega. Walikuwa wanamjua mtoto yule tangu ukurasa wa kwanza, na sasa amechukuliwa kaletewa mwingine. Mwacheni mtoto wenu. Mwacheni akosee, akwame, achekwe, ajitoe mwenyewe au ashindwe kujitoa, na kesho aamke yeye yule. Wazazi na walimu na mashehe na mapadre tupo, tunafundisha maadili asubuhi mpaka jioni. Kitabu kimoja kikimwacha mtoto acheke tu, maadili hayatafilisika.

Nanyi wahariri, nawaomba mrudishe ukurasa wa watoto. Enzi zetu magazeti ya Kiswahili yalikuwa na hadithi ya watoto inayoendelea kila juma, na tuliikata kwa wembe tukaibandika kwenye daftari. Mwekeni humo mtoto mtundu. Mtaona gazeti litakavyogombaniwa nyumbani.

Kwa walimu wenzangu mlioko kazini nasema jambo moja, nalo ni la ufunguo. Kabati la vitabu lifunguliwe. Vitabu vitachafuka, vitapotea viwili vitatu kwa mwaka, vitarudi na mafuta ya mandazi kwenye kurasa. Kitabu changu cha kaki kingekuwa kimechanika zamani kama wasichana wale wangeendelea kukisoma, na ningependa kingechanika hivyo.

Na ninyi wazee wa Bukoba, mliokuwa watu wazima au hata watoto wakubwa katikati ya miaka ya 1950. Kama kuna anayemkumbuka mke wa Bill Kimenye aliyetoka Uingereza, kama mnajua nyumba waliyokaa, kanisa alilosali, duka alilonunua chumvi, naomba muandike hapa hapa gazetini kabla kumbukumbu hizo hazijatutoka. Asiyeweza kuandika na aje Kashai. Akiuliza nyumba ya Mwalimu, ile yenye watoto kibarazani Jumamosi, ataelekezwa, na nitaandika mimi kwa niaba yake.

Mwalimu mstaafu,
Kashai, Bukoba